Ukitumwa pwani kuelezea bahari kupata joto: fanya hivi, usifanye kama nilivyofanya mimi

Hii ni kwa wewe uliyemaliza chuo juzi, umepewa tableti na fulana ya mradi, ukaambiwa nenda kijiji fulani ukatoe elimu ya mabadiliko ya tabianchi. Mi kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa, Tanga huku na Pemba kule, na karibu kila kosa linalowezekana nimeshalifanya. Nitaongelea bahari tu maana ndo ninayoijua, mtu wa mahindi na ng'ombe achukue kinachomfaa.

Kabla ya yote: angalia mwezi

Mkutano wa kwanza kuuandaa mwenyewe niliuweka saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Nimefika na projekta, jenereta ya kukodi na soda kreti nne. Wakaja wazee sita, watoto kibao, na sheha ambaye hakuwa na pa kukimbilia. Nikamuuliza mzee, mbona watu hawaji? Akanyoosha kidevu kuelekea baharini, basi. Kumbe ni bamvua, zile siku maji yanajaa na kutoka kupita kawaida, yamekupwa mpaka kule mbali, wanawake wote wako kwenye mwani, wengine wanachokoa pweza, na huku kwetu bamvua maji hutoka sana mida hiyohiyo ya saa nne saa tano, kila mtoto wa pwani anajua hilo, mi na digrii yangu ya sayansi ya bahari sikuwa nimeliwaza. Soda walikunywa watoto.

Kwa hiyo weka mkutano siku za maji mafu, yaani bahari haitoki sana, baada ya alasiri, na usiuweke Ijumaa. Usiwaite darasani pia. Mtu aliyeishia la nne ukimkalisha kwenye dawati anajiona anapewa mtihani, hafungui mdomo. Kaa nao dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, au chini ya mkungu wanaposhonea nyavu, tena ukipewa uzi ushike, shika.

Hatua ya 1: uliza, halafu nyamaza

Hapa ndo penye kazi, usiparuke. Usianze na "leo nimekuja kuwaeleza". Anza na maswali, na yawe ya kitu, siyo ya hewani. Ukiuliza "je mmeona mabadiliko?" utajibiwa ndiyo tumeona, na mazungumzo yameisha hapo. Uliza: mwani wa kotoni mliacha kuulima mwaka gani? Mliuhamishia wapi? Mwamba wa pale mbele uliwahi kugeuka mweupe? Kaskazi ya siku hizi inaingia kama ile ya wazee wenu? Wakianza kubishana wao kwa wao we andika tu, usiwaamue.

Nilikaa na akina mama wa mwani mchana mmoja hivi nikauliza hilo la kotoni tu. Wakanipa historia nzima. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja 1989, mbegu zilitoka Ufilipino, zikaja aina mbili, spinosi na kotoni, kotoni ndo yenye bei. Wakasema mwanzoni zote zilikubali, baadaye kotoni ikawa inalainika, inakuwa nyeupe kwenye maungio, unaenda asubuhi unakuta kamba tupu, kigingi hiki na kigingi kile, mwani umekatika umekwenda zake. Inaanza msimu wa kaskazi, jua la utosini na maji madogo. Waliopeleka kamba kwenye maji marefu kidogo wakapata nafuu, lakini huko unatakiwa ujue kuogelea na uwe na chombo, na wengi hawana.

Sasa angalia, nilichokuwa nimekiandaa kwenye slaidi 34 wamenimalizia wao, tena kwa mpangilio mzuri kuliko wangu. Walichokuwa hawana ni vipande viwili: kwa nini bahari inapata joto, na je hali itarudi ilivyokuwa. Hivyo viwili tu ndo vyako vya kupeleka. Mvuvi hafundishwi bahari yake, ukijaribu atakuheshimu kwa kukaa kimya na we utadhani ameelewa.

Hatua ya 2: chuja maneno

"Tabianchi" ni neno zuri kwenye ripoti, kijijini lina matatizo yake. Nimewahi kulisema mara tatu mfululizo, mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, ni nchi gani hiyo yenye tabia mbaya, yetu au ya wenzetu? Watu wakacheka, lakini hakuwa anatania. Kwa mtu wa kawaida nchi ni serikali, na mwaka wa uchaguzi hilo neno ndo kabisa. Sema majira. Sema jua, mvua, joto la maji, na useme miaka mingapi. Yaani hali ya hewa ni leo na kesho, majira ni vile ulivyozoea tangu utotoni, na tunachoongelea ni yale mazoea kuhama.

"Hewa ukaa" nayo wengi wanaisikia kama hewa inayokaa. Ukweli ni kwamba ukaa huo ni wa makaa, kaa la moto, na hapo una mlango mzuri sana: mkaa ukiuchoma jikoni gunia zima linabaki majivu ya kujaza ndoo, sasa zile kilo zingine zimekwenda wapi? Zimekwenda hewani. Na mafuta ya gari na makaa ya mawe ni hivyohivyo. Bahati nzuri hata wanaokosea maana wamepatia nusu, maana hewa hiyo ikishapanda kweli inakaa, kiasi kikubwa chake kinabaki huko miaka mingi sana baada ya sisi kuondoka.

Bioanuwai, mfumo ikolojia, ustahimilivu, ziache kwenye begi. Sema mwamba na vilivyomo.

Hatua ya 3: sababu, kwa kawa

Vitabu vingi vinasema blanketi. Jamani, blanketi Pemba mwezi wa pili? Mi natumia kawa, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa. Wali umeupakua wa moto, ukiuacha wazi unapoa, ukiufunika kawa unakaa na joto lake. Kawa haiupashi wali moto, inauzuia kupoa tu. Jua linaipiga dunia mchana, dunia inapata moto, joto hilo linatakiwa litoke liende zake juu. Hewa ukaa iko kule juu kama kawa, na kwa miaka mia na hamsini na zaidi watu wamekuwa wakiweka kawa juu ya kawa. Joto lililonaswa kupita kiasi, zaidi ya asilimia 90 linaingia baharini. Bahari yetu hii ya Hindi kwa juu imepanda kama digrii moja tangu miaka ya 1950.

Mfano una kasoro, kawa inazuia mvuke na upepo, hewa ukaa inazuia mionzi ya joto isiyoonekana. Asiyeuliza usimchoshe. Akiuliza mwambie ukweli, wapo watakaouliza, hasa fundi mashine, wale wanauliza kila kitu.

Mambo ya chembe 280 za hewa ukaa kwa kila chembe milioni za hewa zamani na zaidi ya 420 sasa mi siyasemi kabisa. Ni kweli, ila sijaona yamemsaidia nani.

Hatua ya 4: kitu kimoja cha kushika

Projekta iache ofisini. Nenda na kipima joto kilichofungwa uzi, na kipande cha tumbawe lililokufa zamani, la kuokota ufukweni, usiende kulivunja hai halafu ukahubiri uhifadhi.

Kipima joto ninavyokitumia: maji yakiwa yametoka, mida ya mchana wa kaskazi, mpe mama mmoja akitumbukize mwenyewe kwenye dimbwi la shamba lake. Usisome wewe. Asome yeye au kijana wake, kwa sauti. Halafu mwende mpaka kwenye ukingo ambako maji hayakauki, mpime tena. Siku moja tulipata 36 dimbwini na 30 ukingoni, hatua chache tu. Yule mama akasimama akaangalia dimbwi, akaangalia ukingo, akasema kumbe mwani wangu naupika. Sikuongeza neno. Mi ningetumia dakika ishirini na grafu kufika hapo.

Tumbawe ndo la kuelezea mwamba kuwa mweupe, na hii nakuandikia kama ninavyoisema, ibadilishe kwa lugha ya huko uliko:

"Hili jiwe ni nyumba. Tazama hivi vitundu, kila kimoja kilikuwa na mdudu wake laini, mdogo kama punje ya mtama. Ndani ya mwili wa huyo mdudu kuna mpangaji, ni mwani mdogo huuoni kwa macho. Mpangaji halipi kodi kwa hela, analipa kwa kupika, anachukua jua anatengeneza chakula wanakula wote, na rangi ya mwamba mnayoiona ni ya kwake. Maji yakizidi joto la kawaida la kaskazi, kwa digrii moja tu, yakakaa hivyo mwezi mzima, mpangaji anaanza kutoa sumu badala ya chakula. Mwenye nyumba anamfukuza. Sasa amebaki mweupe, na hapo hajafa, ana njaa. Maji yakipoa mapema mpangaji anarudi. Yakikaa miezi miwili, wengi wanakufa, mwamba unaota majani, halafu unaanza kubomoka."

Ukifika hapo, wazee wenyewe wataitaja 1998. Wanaiita mwaka wa Elnino, wanaikumbuka kwa mvua zilizokata barabara, na baadaye mwamba mweupe. Mwamba wa kisiwa cha Misali, Pemba, uliumia sana mwaka ule, na wa Tutia kule Mafia. Ikatokea tena 2016, ikatokea tena 2024. Waache wahesabu wenyewe miaka ya katikati, utaona mtu anatikisa kichwa kabla hujasema ishu iko wapi: mwamba unahitaji miaka kumi na zaidi kujirudi vizuri, na sasa hatupewi hata kumi.

Hatua ya 5: lawama zitenganishe

Lazima utaulizwa: sisi tumechoma nini? Tuna viwanda gani? Usikwepe. Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo ni Afrika Kusini, Misri na Algeria. Mvuvi wa ngalawa na mama wa mwani joto hili hawakulileta. Sema hivyohivyo, kwa sauti, mbele ya diwani. Nimeona semina wanawaambia wanakijiji wapande miti "ili kupunguza joto la dunia", huo siyo uongo wa moja kwa moja lakini ni kumbebesha mtu mzigo wa jirani tajiri.

Halafu, na hapa usione aibu, sema upande wa pili. Baruti ya kuvulia samaki siyo ya Wazungu. Wavu wa kokoro unaokwangua chini siyo wa viwanda vya China. Joto linatoka mbali, kuvunja kunatoka hapahapa, na mwamba ambao haujavunjwa na bado una samaki wanaokula majani unajirudi haraka kuliko uliovunjwa. Ukizichanganya hizi mbili, mwenye baruti atajificha nyuma ya "tabianchi", na asiye na kosa ataondoka amekasirika. Wote wawili utakuwa umewapoteza.

Uwe na mfano wa kinachowezekana. Mi natumia pweza. Pweza anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, anakua haraka ajabu, kwa hiyo ukifunga sehemu ya mwamba isivuliwe miezi mitatu tofauti unaiona kwa macho. Wenzetu wa Andavadoaka, Madagascar, walianza 2004, na Pemba wamefanya Kisiwa Panza na Kukuu. Siku ya kufungua peleka mizani ya kuning'iniza, pima mbele ya watu wote. Hiyo mizani inaongea kuliko wewe.

Hatua ya 6: usisukumie kila kitu kwenye joto

Pangani kuna kisiwa cha Maziwe. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje na kasa wanataga, mwishoni mwa miaka ya 70 miti ikaisha, na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Vijana wa miradi wanapenda kupeleka wageni pale kusema ona, bahari imepanda. Bahari inapanda kweli, lakini wenyeji watakwambia miti ilikatwa, na mchanga usio na mizizi hauhimili kusi. Kunduchi nayo, ufukwe uliliwa mpaka hoteli ya Africana ikaondoka, na moja ya sababu zilizotajwa ni mchanga uliokuwa unachimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi wa Dar, mchanga ambao ulitakiwa ufike baharini ujaze ufukwe. Ukienda na jibu moja kwa kila kitu, atatokea mtu anayejua jibu la pili, na baada ya hapo hata ulilokuwa unalijua vizuri halisikilizwi. Kusema "hapa sababu zimechanganyika" hakukupunguzii heshima.

Hatua ya 7: utabiri, kwa komwe na kokoto

Aprili 2021 tulitangaziwa kimbunga Jobo kinaelekea Dar, watu wakajiandaa, kikafifia kabla hakijafika nchi kavu. Utani uliofuata mitandaoni unaujua. Mei 2024 akaja Hidaya, akapita Mafia kweli, na kuna waliopuuza kwa sababu ya Jobo. Mamlaka ya Hali ya Hewa haikudanganya hata mara moja, tatizo ni sisi tunavyopeleka taarifa, tunapokea "uwezekano" tunatangaza "kitakuja".

Fanya hivi. Tuseme utabiri wa msimu unasema uwezekano wa mvua kuwa chini ya wastani ni sita kwa kumi. Azima kofia ya mzee yeyote, weka komwe sita za bao na kokoto nne. Komwe ni mvua chini ya wastani, kokoto siyo. Mwambie mzee achote bila kuangalia. Akitoa kokoto usihangaike, ndo vizuri, uliza: je, kofia ilidanganya? Rudisha, achote tena, na tena. Baada ya kama mara saba wanaanza wenyewe kuweka dau, na hapo uliza swali lenye faida: kama kofia iko hivi, we ungepanda nini vuli hii, ungetoa chombo au ungekiacha ufukweni? Mara moja mzee alichota kokoto nne mfululizo nikaonekana mjinga kabisa, lakini hata hilo lilitusaidia, tuliliongelea mpaka magharibi.

Hatua ya 8: "ni kazi ya Mungu"

Usibishane. Hilo ni la imani, na mara nyingi halina maana ya "hatufanyi kitu", lina maana ya "sisi siyo wakubwa wa bahari". Nenda kwa imamu kabla ya mkutano, mweleze kama unavyomweleza mtu mwingine yeyote mwenye akili, mwachie yeye aseme anavyoona. Misali mashehe walishirikishwa kwenye uhifadhi miaka mingi iliyopita, na kisiwa chenyewe kina habari yake, wanasema Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala, yaani mkeka wa kusalia, hawakuwa nao, akasali kwenye kisiwa ambacho kimekaa mfano wa msala. Mahali palipo na habari kama hiyo we na fulana yako ya mradi huna haja ya kuanzisha nyingine.

Mengine ya harakaharaka

Posho: iseme mapema ipo au haipo. Ukinyamaza watu wanakaa wanangoja bahasha badala ya kukusikiliza.

Redio za jamii zinafika kuliko magazeti, Pangani FM na ile ya Micheweni zina wasikilizaji wao. Usiende studio peke yako, nenda na mama wa mwani aongee yeye, we jibu maswali tu.

WhatsApp: sauti ya dakika moja inasambaa kuliko PDF ya kurasa kumi, ambayo hakuna mtu ana bando la kuifungua. Na kila kimbunga kikitajwa tu zitazunguka klipu za mawimbi ya nchi za watu, kwa hiyo uwe umeshaingia kwenye grupu la diko mapema, wakuulize wewe "hii ya kweli?" kabla hawajaifowadi.

Mwisho wa mkutano usiulize "mmeelewa?" Wataitikia ndiyoooo kama darasani. Mwambie mmoja: bwana fulani hakuja leo, ukikutana naye jioni utamwambiaje? Atakachosema ndo ulichofundisha. Mi nimewahi kusikia nimefundisha kwamba mwani unapikwa na setilaiti.

Hatua ya mwisho: rudi

Wengi hawarudi. Wanachukua picha, sahihi za mahudhurio, kwaheri. Ukipima kitu, peleka majibu hata kama ni karatasi moja, na uache vifaa. Wale akina mama niliwaachia kipima joto na daftari la shule la kurasa 80, nikawaambia waandike tarehe, maji makubwa au madogo, na namba. Nikarudi baada ya kusi. Daftari lilikuwa limefungwa kwenye kipande cha kanga, kurasa zimejaa, mwandiko wa watu kama wanne tofauti, na pembeni wameongeza safu ambayo sikuwaambia: mwani umekatika, haujakatika. Kipima joto kilikuwa kimevunjika tangu mwezi wa tano, tarehe yake wameiandika pia. Kwa hiyo nunua viwili viwili, vile vyenye maji mekundu ya spiriti, siyo vya zebaki, na ufunge na kipande cha boya ili kikimponyoka mtu kielee.